Mguu Wangu na Ghala la Tumbaku

Haya nimeyaandika kwa ajili yako uliyeamka asubuhi ukataka kushika kikombe, mkono ukakataa. Au kwa ajili ya binti yako, maana huenda wewe mwenyewe bado huwezi kufungua kurasa. Mimi ni Mama Akinyi, fundi wa cherehani katika soko la Migori, na kiharusi kilinikuta nguo za harusi ya watu zikiwa mezani. Sitakueleza damu huwa inapita wapi ndani ya kichwa. Nilielezwa mara nyingi na sikuelewa hata mara moja. Nitakueleza jinsi nilivyochora jumba la mazoezi kwa mkasi wa kukatia nguo, na jinsi jumba hilo lilivyotaka kunifia mikononi siku ya kulifungua. Nikilisimulia bado moyo unanienda mbio, kwa hiyo ukiona naruka huku na huku nivumilie.

Ilikuwa miaka ya tisini, Migori ikiwa imepewa wilaya yake juzijuzi na kila mtu mjini anajenga kitu. Nilikuwa nakata mkono wa gauni la bibi harusi. Mkono wangu wa kushoto ulioshika kitambaa ukakiachilia bila kuniuliza. Nikajaribu kuita msichana wa duka jirani, sauti ikatoka kama ya mtu mwenye ugali mdomoni. Mume wangu, Joram, anayeuza vipuri vya baiskeli mtaa wa pili, alinipakia kwenye mkokoteni wa muuza maji na kuusukuma mwenyewe hadi hospitali, akipiga kelele watu wapishe. Nakumbuka niliona aibu kwa sababu kiatu kimoja kilikuwa kimebaki nyuma.

Sitaficha kwamba miezi ya mwanzo ilikuwa mibaya. Upande mzima wa kushoto ulikuwa wa mtu mwingine, na mdomo ulivutwa nikachukia vioo. Joram alijifunza kupika baada ya miaka mingi ya ndoa, na ugali wake ulikuwa na mabonge ya unga mbichi katikati. Nilikula kimya kwa sababu mdomo haukuwa na nguvu za kulalamika. Akinyi, binti yetu, alikuja kuniogesha, akarudi kwa mume wake Homa Bay, akaja tena. Baba yake alipobaki peke yake ilibidi aniogeshe yeye, naye alifunga macho kabisa akinimwagia maji, hata nusu ya maji yakamwagika sakafuni. Siku moja nilimkuta amekaa karibu na cherehani yangu iliyofunikwa shuka.

"Nyumba imenyamaza sana," akasema. "Mimi nilizoea hii kitu ikipiga kelele."

Nililia siku hiyo, na yeye akaenda kujifanya anatafuta kuni.

Mvua za mwezi wa nne zilipokwisha, daktari akaniandikia mazoezi Homa Bay, kwa sababu Migori wakati huo hakukuwa na mtu wa kazi hiyo. Nikahamia kwa dada yangu mkubwa, mtaa wa Shauri Yako. Mara tatu kwa wiki nilikaa kwenye benchi refu la mbao nje ya chumba cha mazoezi, na benchi hilo ndilo lililoniponya kichwa kabla mguu haujapona. Pale alikaa mtoto wa polio mwenye vyuma miguuni, kijana mchimba dhahabu wa Masara aliyevunjika mgongo kwa kubeba mawe, mama wa omena, dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay ambaye mkono wake haukupanda tena juu ya sikio. Walikaa pia waliotuleta, wazima kabisa, wakishika viuno na kuguna kila wakisimama. Nikaanza kujiuliza kwa nini mtu angoje kuvunjika ndipo afundishwe kujinyoosha. Kwa nini Migori nzima isafiri kuja kukaa kwenye ubao mmoja?

Ndani alikuwapo Sista Consolata, mtawa mwenye mikono mizito na maneno machache. Alinisimamisha kati ya vyuma viwili, akanisukuma goti kwa goti lake. Wiki nyingi hakuna kilichotokea. Kisha asubuhi moja kidole gumba cha mguu wa kushoto kikacheza. Kidogo tu, lakini kilicheza! Nilipiga kigelegele kwa ule mdomo wangu wa upande, na benchi lote huko nje likanijibu bila kujua ni kwa ajili ya nini. Nilikiangalia kidole hicho njia nzima ya kurudi Shauri Yako.

Msimu wa kung'oa karanga ulipofika, Sista Consolata akahamishwa. Nikaambiwa nije Jumatatu, kuna daktari wa mazoezi mpya, kijana mzuri sana, ametoka mafunzoni Kisii. Jumatatu nikaingia nikiegemea fimbo, nikapanda kitandani, nikakunja sketi hadi juu ya goti kama nilivyozoea. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Ouma, mume wa Akinyi.

Msomaji wa mbali huenda asielewe, kwa hiyo nieleze. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na kama neno ni la lazima linapitia kwa mtu wa tatu. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini Ouma alikuwa amemwoa Akinyi juzi tu na hata nyumbani kwangu alikuwa hajaingia mbali zaidi ya sebule. Mimi mapaja nje, yeye koti jeupe. Ouma alitoa sauti ya mtu aliyekanyaga makaa, akageuka, akagonga kizingiti kwa paji la uso. Nami nikashuka kitandani upande usiokuwa na ngazi. Tuliokotwa wote wawili, kila mmoja na muuguzi wake.

Akinyi alikuja jioni kwa dada yangu, amekasirika.

"Mama, Ouma anasema atakutibu na macho ameangalia ukuta. Ni kazi yake. Amesomea."

"Asomee yote, lakini mguu wangu hataushika."

"Kwa hivyo utabaki na hiyo mguu hivyo?"

"Afadhali niuburute."

Nikarudi Migori. Nilijua ninachokiacha, kwa sababu Sista Consolata alikuwa ameniambia wazi kwamba mguu usiofanyishwa kazi mwaka huo huenda usirudi tena, na mguu huo ndio uliokanyaga cherehani pamoja na mwenzake. Bila huo mimi si fundi. Lakini aibu nayo ni ugonjwa, na haina tembe.

Sasa nafika mahali ninapopenda.

Kando ya barabara ya kwenda Kuria palikuwa na ghala la tumbaku. Wanunuzi walikuwa wamehamia kwingine wakaliacha, na ardhi ilikuwa ya Mzee Chacha, mkulima wa tumbaku ambaye mgongo wake ulikuwa umekunjika kwa palizi. Nilimfuata nikiburuta mguu, nikamweleza kuhusu lile benchi la Homa Bay na mtoto na mchimba dhahabu na mama wa omena. Nikamwambia nataka mahali pa kujinyooshea watu wote, wadogo kwa wazee, wagonjwa na wazima.

"Hiyo stoo iko na panya tu saa hii," akasema Mzee Chacha. "Mimi tumbaku imenimaliza mgongo. Chukua. Lakini mtu wa kwanza kunyooshwa ni mimi."

Usingizi ulikimbia kwa furaha! Nilitandika mezani karatasi ya khaki, ile ninayokatia vielelezo vya nguo, nikachora ghala kama ninavyochora gauni: hapa kifua, hapa kiuno, hapa pindo. Vipimo nilikuwa navyo. Miaka yote hiyo nimepima watu wa mji huu, na nilijua mikono ya bibi wa kawaida huishia wapi, na mtoto wa darasa la kwanza anafika wapi akiinua vidole. Kwa hiyo fito za kushikilia ukutani nikazipanga safu tatu, ya watoto, ya watu wazima na ya wazee waliojikunja. Mlango nikaupanua kiti cha magurudumu kiingie bila kukwaruza vifundo vya mtu. Ngazi nikazikata kwa mkasi, nikabandika mteremko mahali pake. Nje nikazungusha njia ya kutembea yenye mabenchi, kila benchi karibu na lenzake kiasi kwamba mtu wa mguu mmoja asikate tamaa katikati. Nikaweka kona ya kupimia presha, na bembea, na mtungi wa maji. Mkono mmoja ulikata, kiwiko kibovu kikashikilia karatasi isiruke, na ndipo nikagundua kwamba kiwiko kibovu kilikuwa kinafanya kazi.

Joram akaja akasimama mlangoni.

"Mama Akinyi, hizi karatasi zote ni za nini? Umeanza kushonea nyumba nguo?"

"Lete magurudumu ya baiskeli."

"Ya nini tena?"

"Ya mabega. Kamba inapita juu ya gurudumu, mtu anavuta upande huu, mkono mbovu unapanda upande ule. Niliona Homa Bay."

Alikuna kichwa, akasema ugonjwa umenitoka mguuni umehamia akilini. Kesho yake alirudi na magurudumu manne yasiyo na spoki, ameshayapaka grisi. Ndoa yetu ilikuwa imechoka na ugonjwa, siwezi kusema uongo. Lakini mchana ule alipopanda juu ya boriti kufunga magurudumu, akinitania kutoka juu na mimi nikimtukana kutoka chini, tulikuwa tumerudi tulivyokuwa.

Pasta wa kanisa letu la Sabato alileta vijana wakafagia. Mama wa Kikatoliki wakaleta mikeka ya mafunjo. Harufu ya tumbaku haikutoka hata tulipopiga sakafu sabuni, na mpaka leo mtu akiingia pale kuimarisha mapafu anapiga chafya kwanza. Mimi nilishona kwa mkono suruali pana za mazoezi kwa ajili ya akina mama, tuweze kuinua miguu bila wasiwasi. Pasta naye akaahidi kwamba ataomba hospitali ituletee mtaalamu siku ya kufungua. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikuuliza hospitali gani wala mtaalamu gani.

Wewe umeshajua. Mimi sikujua.

Jumapili ile watu walijaa. Mzee Chacha alikuwa wa kwanza kama tulivyoahidiana, akalala kifudifudi kwenye mkeka, amevua shati. Mimi nikalala chali mbele ya watu wote katika suruali yangu mpya, miguu imeegemezwa ukutani juu, nikiwaonyesha akina mama. Pikapu ikasimama nje. Pasta akasema kwa sauti ya mahubiri, "Mgeni wetu ndiye huyu!" Nikageuza kichwa. Ouma alikuwa mlangoni, na yeye na mimi tulionana nikiwa nimepinduliwa.

Nilichoweza ni kujiviringisha ndani ya mkeka. Nikasikia mlango wa pikapu ukifungwa kwa nguvu. Kabla sijatoa kichwa, mke wa mtoto wa Mzee Chacha akaingia na mtoto mgongoni, akamwona baba mkwe wake amelala bila shati, akapiga yowe akakimbia. Kwa Wakuria hiyo ni mbaya kuliko kwetu. Mzee Chacha naye akatoka kwa dirisha, na mgongo ule ule alioniambia umekwisha. Kisha watu wakaanza kuangaliana. Mji wetu ni mdogo na watu wameoana, na ndani ya ukumbi ule kila mtu alikuwa mkwe wa mtu. Nilikuwa nimepima mikono yao, viuno vyao na magoti yao, na sikukumbuka kupima heshima yao. Nilikuwa nimechora chumba kimoja kikubwa kisicho na pa kujificha. Muda mfupi baadaye tulibaki mimi, Joram na bembea.

Sisi tuliolitengeneza ghala tukakutana kama kamati chini ya paa lile lile. Pasta akasema hayo ni mambo ya zamani, watu wazoee. Mtu mwingine akasema tugawe siku.

"Siku gani?" akauliza Mzee Chacha, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha kwa usalama wake. "Mimi niko na watoto wa kiume saba. Wakwe wangu wako kila siku."

"Na mwalimu ni yule yule," nikasema. "Ouma akija, mimi siingii."

Akinyi alikuwa amekaa nyuma, na mimba yake ya kwanza. Akasema polepole, "Mama, wewe umetengenezea watu wote mahali isipokuwa wewe mwenyewe. Sasa mguu yako itapona wapi?"

Nikatazama chini, na kwenye kona nikaona lundo la magunia, yale mapana ya kufungia mitumba ya tumbaku, ambayo vijana wa Pasta walikuwa hawajayachoma. Nikatazama urefu wa ukumbi. Nikatazama lundo tena. Nikapiga paja langu bovu kofi, na nadhani paja lililisikia kofi hilo. Pazia! Pazia refu la magunia kutoka mlangoni hadi ukuta wa mwisho, linaning'inia kwenye waya, linafunguka na kufungika. Upande huu na upande ule. Macho hayapiti lakini sauti inapita. Mlango wa pili tutautoboa nyuma, ili mkwe aingie kwake na mkwe mwenzake aingie kwake.

"Yawa," akashangaa Joram. "Na nani atashona hiyo yote?"

"Mimi."

"Na mguu gani?"

Nilimwambia alete cherehani.

Gunia si hariri. Sindano nene inataka nguvu ya miguu yote miwili, na wangu ulikuwa mmoja. Siku ya kwanza mguu wa kulia ulikanyaga, wa kushoto ukaning'inia tu pembeni, na kipande kimoja kilinichukua asubuhi nzima. Kabla hata sijamaliza pazia lote tukavitundika vipande vya kwanza, na Ouma akaanza kuja, akikaa upande wa wanaume. Akinyi alisimama kwenye ukingo wa pazia, jicho moja huku na jicho moja kule.

"Mwambie mama aweke wa kushoto juu ya pedali," sauti ya Ouma ikasema.

"Mama, anasema uweke wa kushoto juu ya pedali."

"Mwambie nimesikia, mimi si kiziwi."

"Mwambie asisukume na kisigino. Asukume kutoka... kutoka ile sehemu ya juu ya goti."

"Ile gani?" akauliza Akinyi, kwa makusudi.

"Wewe unajua ni gani."

Kando yangu mama wa omena wa Muhuru Bay, aliyekuwa akivuta kamba ya gurudumu, alicheka hadi kamba ikamtoka. Mkono wake ulikuwa umepanda juu ya sikio wiki hiyo.

Watu walirudi. Walirudi wawiliwawili kwanza, wakichungulia, kisha wakajaa tena. Mzee Chacha upande ule alihesabu pumzi kwa Kikuria, na mke wa mwanawe upande huu alihesabu pamoja naye, na hawakuwahi kuonana. Watoto walipita chini ya pazia wapendavyo, maana watoto si wakwe wa mtu. Mchimba dhahabu wa Masara alikuja na wenzake. Nilishona, nikatundika, nikashona. Msimu wa kuuza tumbaku ukapita. Wa kushoto ukaanza kupanda na kushuka ukifuata mwenzake, kwanza kama mzigo, baadaye kama mtu anayejifanya anasaidia. Kila mwezi nilikwenda kupima presha na kuchukua tembe, na kila mwezi daktari aliniuliza ninafanya mazoezi gani, nami nikamjibu ninashona pazia.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza nilipobakiwa na pindo la mwisho. Asubuhi hiyo Akinyi hakuwepo. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike wiki hiyo na bado alikuwa kitandani Homa Bay. Mvua ilipiga mabati, ikapungua, ikaacha. Nikasikia mlango wa upande wa pili, hatua za Ouma, kiti kikivutwa.

"Mwambie mama..." akaanza, kama kawaida yake.

Akinyi wa kumwambia hakuwepo. Akina mama upande wangu wakaacha kuvuta kamba. Nilijua Ouma anasubiri, na kwamba hajui afanye nini na sentensi yake.

Nikautoa mguu wa kulia kwenye pedali, nikauweka sakafuni. Nikaulaza wa kushoto peke yake, mahali pale pale ambapo amekuwa akinielekeza kupitia mdomo wa binti yangu. Nikazungusha gurudumu kwa mkono mara moja ili lianze. Nikasukuma kutoka juu ya goti. Pedali ikashuka. Ikapanda. Ikashuka tena, na sindano ikaingia kwenye gunia, na cherehani yangu ikapiga kelele yake yote ndani ya ghala la tumbaku, kelele ambayo Joram, aliyekuwa nje akipaka mafuta bembea, aliitambua akaangusha kopo.

Nyuma ya pazia Ouma alikuwa amesimama. Niliona vidole vya viatu vyake chini ya pindo, karibu kabisa, lakini havikuvuka.

"Mama," akasema. Hakumwambia mtu aniambie. "Huo ni mguu gani?"

"Ni wa kushoto, baba."

Nilisikia akivuta kamasi.

"Basi usiache," akasema.

Sikuacha.